Mdogo wetu yuko jeshi la Uingereza na goti limeumia: haki zake ziko ofisi gani?

Dada mmoja wa Uasin Gishu ameuliza hivi. Mdogo wake yuko jeshi la nchi kavu la Uingereza, amemaliza miaka mitano na ushei. Miaka mitatu iliyopita aliumia goti kwenye luteka kule Wales, na mpaka leo halijakaa sawa. Kila baridi ikiingia, vidole vya miguu humfa ganzi. Sajini wake amemwambia fidia hushughulikiwa mtu akishatoka jeshini. Nyumbani mama anataka kujua kiinua mgongo kitakuwa kiasi gani kijana akiamua kurudi. "Hiyo wizara yao imepangwaje, na tumwandikie nani huko juu?"

Dada, huko juu msimwandikie mtu. Barua ya familia kwa waziri itashushwa ngazi hadi ngazi mpaka irudi kwenye meza ya kikosi kilekile. Wizara ile ni kubwa mno, lakini mambo ya mdogo wako yako kwenye meza nne au tano tu, na kila meza ina saa yake inayohesabu. Wengi wanaokosa haki zao hawanyimwi. Wanabisha mlango usiohusika mpaka muda unapita. Na alichoambiwa na sajini si kweli, ila nitakifikia.

Kwanza mpangilio. Wizara ya Ulinzi ya Uingereza kama tunavyoijua ilizaliwa Aprili 1964, pale ofisi tatu zilizokuwa zikijitegemea, yaani ya majini, ya nchi kavu na ya anga, zilipounganishwa chini ya waziri mmoja. Chini ya waziri kuna vichwa viwili visivyopokezana kazi: katibu mkuu, ambaye ni raia na ndiye anayewajibika kwa Bunge kuhusu fedha, na mkuu wa majeshi, ambaye ni mwanajeshi. Tangu Aprili 2025 nyumba yote imegawanywa vyumba vinne: idara ya kiraia ya sera na fedha chini ya katibu mkuu, makao makuu ya mikakati ya kijeshi chini ya mkuu wa majeshi, kundi la ununuzi wa silaha, na kitengo cha nyuklia. Katika mageuzi hayo mkuu wa majeshi alipewa amri ya moja kwa moja juu ya wakuu wa matawi matatu.

Kwa mdogo wako, ramani hiyo ina maana moja tu. Wanaompa amri wako upande mmoja, na wanaomlipa pensheni na fidia wako upande mwingine. Kamanda wake anaweza kumpa likizo, kumpeleka kozi, kumbadilishia kazi na kumpeleka kwa daktari. Hawezi kuidhinisha fidia hata shilingi moja. Madai ya fidia huamuliwa na watumishi wa kiraia katika kitengo cha maveterani, ambacho wengi bado wanakiita Veterans UK ingawa jina limekuwa likibadilika. Watu hao hawajui kama kijana ni hodari au mtoro, wanasoma karatasi. Ndiyo maana kuelewana vizuri na bosi hakumsaidii mtu hapa, na kukosana naye hakumzuii.

Ndani ya kikosi kwenyewe kuna watu watatu wa kuwajua. Yupo karani wa ofisi ya utawala, ambaye kupitia mfumo wa kompyuta uitwao JPA anaona mshahara, likizo, anwani, tarehe ya kuandikishwa na jina la atakayelipwa askari akifa. Yupo afisa ustawi wa kikosi, kwa kawaida kapteni aliyepanda kutoka cheo cha askari wa kawaida, anayeshughulika na nyumba, ndoa, madeni na misiba. Na yupo padri, ambaye kuongea naye hakuandikwi popote. Nje ya kikosi kuna mashirika ya hisani ambayo si ya wizara: SSAFA, lililoanza 1885, na Royal British Legion la 1921. Hilo la pili tutalirudia.

Tuanze na swali la mama, maana jibu lake ni fupi na halipendezi. Kijana akitoka leo na miaka yake mitano, hakuna kiinua mgongo.

Askari wote walioko kazini sasa wako kwenye mpango wa pensheni uitwao AFPS 15, ulioanza Aprili 2015. Yeye hachangii hata senti. Serikali ndiyo inayochangia. Kila mwaka anaotumikia, mpango unamwekea sehemu 1 kati ya 47 ya mshahara wake wa mwaka huo. Tuseme mshahara ni pauni 28,200: ukigawanya kwa 47 unapata 600. Kwa hiyo mwaka mmoja wa kazi umemnunulia pauni 600 za pensheni kwa kila mwaka wa uzee wake. Miaka mitano kwa mshahara huohuo ni pauni 3,000 kwa mwaka, kabla ya nyongeza za kufidia kupanda kwa maisha. Haki hiyo hushika baada ya miaka 2 ya utumishi na haipotei hata akirudi Kenya, kwa sababu hulipwa popote alipo. Ila italipwa lini? Akifikia umri wa pensheni ya serikali ya Uingereza, ambao kwa kijana wa rika lake, kwa sheria ilivyo sasa, ni miaka 68. Siku hiyo ndipo anaweza kuchagua kubadilisha sehemu ya pensheni iwe fedha ya mkupuo, pauni 12 kwa kila pauni 1 ya pensheni ya mwaka anayoiachia.

Kuna malipo ya mapema, lakini masharti yake ni mazito: awe ametumikia miaka 20 na ametimiza miaka 40 ya umri, vyote viwili. Huyo ndiye anayepata mkupuo wa mara 2.25 ya pensheni yake ya mwaka pamoja na malipo ya kila mwezi mpaka uzee. Anayetoka na miaka 12 au zaidi bila kufika hapo hupata ruzuku ya kuanzia maisha. Mwenye mitano hana kimojawapo. Na akitokea wakala anayeahidi "kumtolea pensheni yake yote sasa hivi", huyo ni mwizi. Mpango huu hauna mfuko wenye akiba ya kuchotwa, na hauruhusu kuhamishia fedha kwenye akaunti binafsi za uwekezaji.

Halafu kuna kosa linalowapata hasa wanaorudi nyumbani. Pensheni ya aliyetoka mapema haiji yenyewe. Ni lazima aiombe, kwa fomu inayoitwa AFPS Form 8, na ofisi haitamtafuta huko kwenu Moiben kumkumbusha. Namba yake ya jeshi iandikwe mahali ambapo hata watoto wake wataiona.

Sasa goti. Mfumo wa fidia unaitwa AFCS. Unahusu jeraha au ugonjwa uliosababishwa na utumishi kuanzia tarehe 6 Aprili 2005. Ya kabla ya hapo yana mfumo wa zamani wa pensheni za vita, ingawa fomu ya kuombea ni moja. Mfumo huu haumtafuti mwenye makosa. Unauliza mambo mawili: je, kuna uwezekano mkubwa zaidi kwamba utumishi ndio uliosababisha jeraha, na je, jeraha limemwachia ulemavu gani? Anayetumikia ana haki ya kudai akiwa bado kazini. Kwa hiyo sajini amekosea, na kosa lake ni la hatari, kwa sababu muda wa kudai ni miaka 7, na kwa jeraha la ajali saa huanza siku ya ajali. Mdogo wako ameshatumia mitatu. Wapo wanaongoja watoke jeshini, kisha wanatafuta kazi, kisha wanaoa, na siku goti linapowafanya washindwe kupanda ngazi wanakuta mwaka wa nane umeingia.

Malipo yamepangwa kwa ngazi 15. Ngazi ya 15, ya chini kabisa, ni mkupuo wa kama pauni 1,200, na ya 1 ni pauni 650,000. Kuanzia ngazi ya 11 kwenda juu kuna pia malipo ya kila mwezi ya maisha, yanayoanza mtu anapotoka jeshini. Yote hayakatwi kodi. Magoti mengi huangukia ngazi za chini, msijenge ghorofa akilini. Lakini tofauti ya ngazi mbili tatu ni maelfu ya pauni, na tofauti hiyo mara nyingi iko kwenye maandishi ya daktari, si kwenye goti.

Hapo nifafanue, kwa sababu ndipo madai mengi yanapodhoofika. Jedwali la majeraha halisemi "goti linauma". Linauliza kama jeraha lilimzuia kwa kiasi kikubwa kufanya shughuli zake kwa wiki 6, 13, 26, au kama kizuizi hicho ni cha kudumu. Askari aliyeumia, akaenda zahanati ya kambi mara moja, akapewa dawa za maumivu na karatasi ya kupumzika siku kumi, halafu akanyamaza kwa sababu wenzake walimwita mvivu, ana rekodi inayosema alipona baada ya siku kumi. Ofisi ya fidia haimjui. Inaamini rekodi.

Kwa hiyo kabla hata ya kujaza fomu, arudi zahanati ya kambi wiki hii. Asiseme "goti bado linanisumbua". Aseme: siwezi kupiga goti zaidi ya dakika kadhaa, nikibeba mzigo wa kilo kadhaa linavimba jioni, nikishuka mteremko linateguka, nimekuwa hivi tangu luteka fulani, mwezi fulani. Aombe yaandikwe hivyohivyo, aombe kipimo cha MRI kama hakikufanyika, na aombe kupelekwa kwa mtaalamu wa viungo. Kisha aombe nakala ya rekodi zake zote za matibabu. Ni haki yake kisheria, hailipiwi, na ofisi inatakiwa kujibu ndani ya mwezi mmoja. Azisome kwa makini. Akikuta tarehe ya kuumia imeandikwa vibaya, au imeandikwa "aliumia akicheza mpira" wakati alikuwa na bunduki mkononi, hiyo isahihishwe sasa, kabla ya madai na si baada ya kukataliwa.

Neno hilo la mpira si mzaha. Kanuni zina mitego. Michezo inahesabika pale tu inapotambuliwa na kupangwa na jeshi. Mpira wa jioni nyuma ya bweni hauhesabiki. Safari ya kwenda na kurudi kazini kwa kawaida haihesabiki. Na kuteleza, kujikwaa au kuanguka hakulipwi, isipokuwa mtu alikuwa kwenye shughuli ya hatari, mazingira ya hatari, au mafunzo ya kumweka imara kikazi. Askari akiandika kwa unyenyekevu "niliteleza kwenye tope nikaanguka" amejifungia mlango mwenyewe. Ukweli huohuo ukiandikwa kamili unasomeka hivi: "Usiku wa siku ya tatu ya luteka, nikiwa na mzigo mgongoni, tukishuka mteremko kwa amri bila taa, nilianguka goti likapinda." Hajaongeza chumvi. Ameeleza tu alikuwa akifanya nini.

Ganzi ya vidole inaniumiza kichwa kuliko goti. Kuna jeraha la baridi ambalo halihitaji barafu: miguu ikikaa kwenye unyevu na baridi kwa saa nyingi, mishipa ya fahamu huharibika hata kama ngozi haikuganda. Dalili ni ganzi, kisha kuchomachoma na maumivu miguu inapopashwa moto, kisha miaka ya kutovumilia baridi. Madaktari wa jeshi wanajua siku nyingi kwamba watu wenye asili ya Afrika hupatwa nalo zaidi, na makamanda wana maagizo ya kulizuia. Kila baridi mpya juu ya jeraha la zamani huliongeza. Kwa hiyo asingoje tena: aripoti, apimwe, na apate karatasi ya kumzuia kwenda kulala nje kwenye baridi. Katika fomu, hili liandikwe kama jeraha la pili linalojitegemea, lenye tarehe zake. Kisichoandikwa kwenye fomu, hakuna atakayekikisia.

Jeraha la baridi linafungua na njia nyingine tofauti. Zamani askari hakuweza kuishtaki wizara; sheria ya 1987 iliondoa kizuizi hicho. Kama kulikuwa na uzembe, kwa mfano viatu vilivyochakaa havikubadilishwa, au aliripoti ganzi akaamriwa aendelee, anaweza kufungua kesi ya madai mahakamani. Muda wa kesi hiyo si miaka 7. Ni mitatu, kwa kawaida tangu siku ya jeraha au siku alipojua kwamba ana jeraha kubwa lililotokana na uzembe. Kwa goti la miaka mitatu iliyopita, siku zinaweza kuwa zimekwisha au zimebaki chache, hivyo amwone wakili wa majeraha wiki hii, si mwezi ujao. Njia zote mbili zinaruhusiwa, ila hatalipwa mara mbili kwa jeraha moja. Kinachopatikana huku hupunguzwa kule.

Uamuzi wa AFCS ukija mdogo kuliko ilivyotarajiwa, au ukija "hapana", aombe kwanza uangaliwe upya, na baada ya hapo kuna baraza huru la rufaa. Aangalie tarehe ya mwisho kwenye barua yenyewe ya uamuzi na asiikaribie. Hapa ndipo Royal British Legion linapofaa: husaidia kuandaa rufaa na kumsimamia askari mbele ya baraza bila malipo. Anayedai asilimia ya fidia ili kujaza fomu ya AFCS anauza kitu kinachotolewa bure. Wakili wa kesi ya uzembe ni habari nyingine. Huyo ana kazi ya kulipwa.

Je, kudai kutamharibia kazi? Fomu yenyewe haimshushi mtu daraja la afya. Daraja hushushwa na madaktari, na wangeweza kulishusha hata bila fomu. Ikifika bodi ya madaktari ikaamua atoke kwa sababu za afya, mambo hubadilika kwa faida yake: mafao ya ugonjwa chini ya AFPS 15 huwa na ngazi tatu kulingana na uwezo wake wa kufanya kazi ya kiraia, na maandalizi ya kutoka hupatikana kamili bila kujali miaka. Ndiyo maana kutoka kwa hiari na goti bovu, ili tu aondokane na kero, ni kosa kubwa. Akitaka kuondoka, amwulize daktari kwanza kama kesi yake ni ya bodi.

Na hapa ningekaa naye chini nimwonyeshe namba sita. Mtu wa Jumuiya ya Madola akiwa jeshini hahitaji viza. Ana kinga inayoisha siku anayovua sare. Akitumikia miaka 4 anaweza kuomba ukaazi wa kudumu, na ombi linaweza kupelekwa wiki 18 kabla ya kutoka. Lakini ada ya ombi hilo, ambayo sasa ni zaidi ya pauni 3,000, ilifutwa Aprili 2022 kwa waliotimiza miaka 6, au waliotolewa kwa ugonjwa au jeraha lililotokana na utumishi. Ada ya mke na watoto ni hesabu nyingine, na ombi la kila mmoja hujitegemea. Miaka 6 hiyohiyo ndiyo inayofungua huduma kamili ya kumwandaa kwa kazi ya uraiani, pamoja na msaada wa masomo usiorudishwa, unaolipa asilimia 80 ya ada ya kozi hadi pauni 1,000, na unaotumika mara tatu katika miaka mitatu tofauti. Akifikisha miaka 8, kiwango kinapanda hadi 2,000.

Habari njema ni kwamba notisi ya kuacha jeshi kwa kawaida ni miezi 12. Mwenye miaka mitano na ushei akitoa notisi leo, atatoka akiwa amepita sita. Habari ya tahadhari ni kwamba inayohesabiwa ni huduma inayotambulika. Siku za kizuizini au za utoro hukatwa, na wapo wanaoweza kujikuta na miaka mitano na siku mia tatu na hamsini. Karani wa JPA ampe kwa maandishi tarehe ya kuanza kuhesabiwa kabla hajatoa notisi. Mambo ya ukaazi asimwulize sajini wala afisa ustawi, kwani Uingereza ni kosa kisheria kutoa ushauri wa uhamiaji bila kusajiliwa. Wanachoweza ni kumwelekeza kwa mshauri aliyesajiliwa, na aelekezwe.

Kama anafikiria kubaki na kununua nyumba, jeshi lina mkopo usio na riba: hadi nusu ya mshahara wa mwaka, usiozidi pauni 25,000, unaorudishwa ndani ya miaka 10 kwa makato ya mshahara. Ni wa nyumba ya kuishi yeye na familia yake, si ya biashara.

Mkiona kikosi kinampuuza, malalamiko rasmi ya kijeshi yana miezi 3 tangu tukio. Zaidi ya hapo kuna Kamishna wa Majeshi, aliyeundwa kwa sheria ya 2025, ambaye hata familia inaweza kumfikia. Kambi ya mafunzo ya Waingereza pale Nanyuki msiisumbukie. Haina meza ya pensheni wala ya fidia.

Nimeacha jambo moja la mwisho, ambalo familia nyingi za kwetu hulikwepa kwa kuona ni kujitabiria mabaya. Askari akifa kazini, AFPS 15 hulipa mkupuo wa mara nne ya mshahara wake wa mwaka, na mwenza wake hupata pensheni. Mkupuo huenda kwa aliyeandikwa kwenye JPA. Wapo vijana walioandika jina la mama siku ya kuandikishwa wakiwa na miaka ishirini, wakaoa, na hawakugusa tena ukurasa ule. Na kama ameoa kimila, mahari ikaliwa na ng'ombe wakahesabiwa mbele ya wazee, ofisi ya Uingereza haina wa kumwuliza. Sheria ya Ndoa ya Kenya ya 2014 inaruhusu ndoa ya kimila isajiliwe na kupewa cheti. Likizo ijayo wapite kwa msajili pamoja, wachukue cheti, nakala moja iende kwa karani wa kikosi na nyingine ibaki kwako, dada, kwenye bahasha moja na ile namba yake ya jeshi.